Mafuta ya Mkia

Othaya
9 Machi 1997

Ndugu yangu Kathurima,

Watoto wa darasa la saba nawafundisha kuanza barua na salamu nyingi kama nyota za angani. Wewe ni mtu wa kupima vitu, kwa hiyo nakutumia salamu za kutosha tu, usije ukaanza kuzihesabu. Sisi hatujambo. Mume wangu Ndungu anagombana na kiwanda cha chai kama kila mwaka, na kama kila mwaka kiwanda hakijui kwamba kinagombana naye. Watoto wanakua, viatu vyao havikui. Mjomba Simeon yuko palepale Nanyuki na bucha yake, na anauliza kama huko Uingereza kuna kondoo. Nilimwambia mpwa wake hawezi kukaa mahali pasipo na kondoo.

Sasa habari za mama. Upasuaji ulikwenda salama. Titi la kushoto wameliondoa na kidonda kimekauka vizuri. Nimemleta hapa kwangu, maana Nanyuki angekaa peke yake na picha ya baba ukutani. Daktari wa Nairobi ameanza kumpa dawa. Kila mwezi tunashuka huko mara mbili kwa sindano za mshipa, na katikati anameza tembe nyumbani. Tembe anazivumilia. Sindano ndizo zinazomtapisha mpaka anashika ukuta, na nywele zimeanza kubaki kwenye kitambaa. Daktari alitukalisha akasema asikatishe kabla ya miezi sita, kwa sababu mbegu ya ugonjwa inaweza kuwa imebaki mahali na hakuna wa kuiona.

Lakini anayekuandikia leo si mimi, ni yeye. Jana wanawake wa kanisa walikuja kumwona. Akawaambia kwa sauti, na wewe unaijua sauti yake: "Kijana yangu ako Ulaya anapika dawa ya hii ugonjwa." Wakamuuliza inapikwa namna gani. Mama akajifanya anatafuta sukari. Walipoondoka akaniambia, "Andikia yeye. Aniambie vile anafanya. Asiniambie ya kitabu, aniambie ile naweza sikia."

Basi mweleze. Nitamsomea kwa sauti, kwa hiyo usiniletee majina marefu yakanivunja meno.

Dada yako,
Karambu

---

Bradford
30 Machi 1997

Dada Karambu, na mama unayesikiliza,

Leo ni Pasaka, maabara imefungwa, na mimi niko chumbani na chai isiyo na ladha. Mvua inanyesha lakini hapa hakuna mabati, kwa hiyo hata mvua yenyewe haina sauti. Nawakumbuka wote. Mjomba mwambie kondoo wapo wengi, wana nyuso nyeusi, na hakuna anayewachoma.

Mama, kazi yangu ni hii. Nitakueleza kwa Kiswahili cha nyumba yetu, kile ambacho baba Mmeru na wewe Mkikuyu mlikutana katikati yake.

Dawa ya kensa ni kali na haina macho. Ikiingia kwenye damu inapiga ugonjwa, na hapohapo inapiga nywele, tumbo na kila kitu. Tena madaktari hutumia dawa mbili au tatu, kwa sababu moja ikishindwa kuua nyingine inamalizia. Shida ni kwamba zikishaingia mwilini kila moja inashika njia yake. Moja inafika leo, nyingine tayari imetoka na mkojo.

Sisi tunazifunga dawa mbili ndani ya kifuko kimoja cha mafuta. Kidogo sana, mama. Chukua unywele wako mmoja, uupasue kwa urefu vipande mia nane. Upana wa kipande kimoja ndio upana wa kifuko chetu. Wenyewe wanakiita liposomu. Dawa moja inakaa ndani kwenye maji, ya pili inajibanza ukutani kwenye mafuta yenyewe. Askari wa mwili wakiviona wanadhani ni mafuta tu, wanaviacha vipite. Sasa uvimbe wa kensa hukua kwa pupa. Mishipa yake ya damu ni kama ukuta uliojengwa na fundi mlevi, ina nyufa kila mahali. Vifuko vyetu vinapenya kwenye nyufa hizo, na humo dawa zote mbili zinashuka pamoja.

Kwa kweli kazi hii unaijua kuliko profesa wangu. Unakumbuka tulipokuwa tukikohoa, ulivyotwanga gome la muthiga, lile linalochoma ulimi, ukalichanganya na mafuta ya kondoo ili tumeze? Ulituambia mafuta ndiyo yanaipeleka dawa inakotakiwa. Ndiyo hii hii. Nilipomweleza profesa alicheka sana, akasema kumbe shahada yangu ya kwanza niliipata jikoni kwako.

Bado tuko kwa panya. Kazi ngumu itakuwa kumpata mtu wa kwanza. Watu wanaogopa, na pasipopatikana mtu wa kukubali kujaribiwa, dawa inaweza kulala maabara mpaka sisi wenyewe tuzeeke.

Mwanao na ndugu yako,
Kathurima

---

Othaya
4 Mei 1997

Ndugu yangu,

Mvua za masika zimekuja kwa adabu mwaka huu, na chai imeota mpaka Ndungu anaimba. Pokea salamu zake na za watoto.

Barua yako imesomwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mama alicheka hadi akashika kidonda aliposikia habari za fundi mlevi. Akasema huyo anamjua, ndiye aliyetujengea choo cha Nanyuki. Lakini kwenye mafuta ya kondoo hakucheka. Aliniambia nirudie. Nilirudia. Siku ya pili nikarudia tena. Wanawake wa kanisa sasa wanaambiwa: "Hiyo ni mafuta ya kondoo tu. Mama yangu alijua, mimi najua, sasa Wazungu wamejua."

Ana maswali yake, naye amesema niyaandike vile alivyoyasema. "Uliza yeye, ni mafuta gani? Ya mkia ama ya figo? Na anatia dawa mafuta ikiwa moto ama ikipoa?" Mimi nilicheka. Yeye aliniangalia tu. "Karambu, hii si mchezo. Uliza."

Aliuliza pia kama mmempata yule mtu wa kwanza. Nikasema bado, ni panya. Akasema "Haya," akaendelea kumenya viazi.

Sindano ya juzi ilimwangusha. Tulikuwa kwenye benchi la hospitali, nimemshika mkono, akaniambia polepole, "Hii yao haina macho." Ni maneno yako hayo, ndugu yangu.

Jibu upesi, ananiuliza kila jioni.

Karambu

---

Othaya
20 Julai 1997

Kathurima,

Mikono yote miwili bado unayo? Mei imepita, Juni imepita, na posta ya Othaya wamechoka kuniona. Hatujambo. Nairobi kulikuwa na fujo za maandamano ya Saba Saba na barabara zikafungwa, kwa hiyo sindano ya siku hiyo haikuwezekana.

Mama amenisimamia hapa mezani na anasema niandike hivi, nisipunguze. Anakula vizuri. Hatapiki tena. Usingizi anapata. Jumatano alichuma chai kikapu kizima na hakuchoka. Nywele zinaota, nyeupe, laini kama za mtoto, na Jumapili alitoka bila kitambaa, watu wote wakageuka. Anasema niandike pia kwamba kucha zilizokuwa nyeusi zimeanza kutakata. Kwa nini mtu wa Uingereza ahitaji kujua habari za kucha, mimi sijui. Yeye anasema utazihitaji.

Mjomba Simeon alipita na kopo la mafuta ya kondoo, akalia alipomwona mama amenona.

Lile swali la mafuta hujalijibu.

Karambu

---

Bradford
24 Agosti 1997

Dada mpendwa,

Nisamehe. Salamu kwa shemeji, kwa watoto, kwa kila mtu. Kazi imenimeza, hata barua zako nazisoma nikiwa nimesimama. Mambo ya maabara yanaendelea vizuri tu, yana hatua zake.

Habari za mama zimenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Nywele! Mpige picha unitumie.

Mwambie mafuta ya mkia ndiyo bora, na yawe vuguvugu. Profesa anamsalimu, anasema akichoka na chai aje tumpe koti jeupe.

Nitaandika barua ndefu nikipata nafasi.

Kathurima

---

Othaya
12 Oktoba 1997

Ndugu yangu,

Walimu tuko kwenye mgomo, kwa hiyo una bahati, nina muda wa kukuandikia. Mvua imekuja kabla ya wakati wake na si ya adabu kama ile ya masika. Udongo umeteremka kwenye barabara ya kwenda Kiriaini. Ndungu haimbi tena.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, lakini mama alipiga makofi. "Ya mkia! Si nilisema?" Sisi tulikuwa tumetumia ya figo.

Hapo nimeandika neno ambalo sikupaswa kuliandika, na hii ni kalamu ya wino. Basi libaki. Nilimwahidi mama nisikuambie jambo fulani mpaka lifaulu, na ahadi ya mama unaijua uzito wake. Sikuambii. Nataka tu kukuuliza swali la kitaalamu, na unijibu kama mtaalamu, usinijibu kama Kathurima wa utani.

Panya wako wakianza kuumwa mgongo, huwa ni nini?

Mama anasema ni kuinama kwenye chai. Lakini hajaenda kwenye chai tangu mwisho wa Septemba. Asubuhi inabidi nimwinue. Usiku namsikia akigeuka, na hageuki bila kuguna. Mchana ananiambia niandike kwamba anakula vizuri. Anakula, ni kweli. Anakula kwa sababu unaandikiwa.

Nijibu, tafadhali.

Karambu

---

Bradford
2 Novemba 1997

Karambu,

Salamu utanisamehe. Nimepiga simu shuleni kwako tangu Ijumaa na laini imekufa. Nimepiga posta, hivyo hivyo. Redio ya hapa inasema Kenya nzima ni maji.

Mpeleke mama hospitali. Usisubiri umalize kusoma.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Nywele haziwezi kuota kama anachomwa zile sindano. Haziwezi. Mtoto yeyote wa mwaka wa kwanza hapa angeliona hilo, na mimi nikaandika "Nywele!" nikaomba picha. Sindano mliziacha lini? Haikuwa Saba Saba, ni kabla ya hapo. Kopo la Simeon lilikuwa la nini? Mmekuwa mkizitwanga zile tembe mkazitia kwenye mafuta?

Kama ndivyo, acheni leo. Tembe zile zimevikwa ganda kwa makusudi. Unga wake ni sumu hata kwa anayetwanga, na kama ni wewe, Karambu, nawe mwambie daktari. Mafuta ya kondoo yakimezwa yanaishia tumboni kama mafuta ya chapati. Hayaendi popote na hayamjui mtu. Vifuko vyetu havipikwi, havimezwi, vinachomwa kwenye mshipa, na vinatengenezwa kwa mashine ambayo sikuwaambia habari zake kwa sababu nilitaka kumfurahisha mama. Nilitaka asikie kwamba kazi yangu imetoka kwake. Na ile barua ya mkia ilikuwa utani. Nilikuwa naona haya kwa kuchelewa, nikatania.

Na kuna jambo ambalo mimi pia nilificha. Kazi yetu ilishindwa. Dawa ya pili, ile ya ukutani, haikai. Inatoroka njiani kabla kifuko hakijafika, na kinachofika kina dawa moja tu. Panya walianza kupata nafuu, wakanenepa, manyoya yakang'aa, halafu uvimbe ukarudi na nguvu mpya. Walikufa wote. Ilikuwa mwezi wa Mei, wiki ile ile barua ya maswali ya mama ilipofika. Ningemjibu nini? Niliiweka kwenye droo. Sasa naosha vyombo vya wengine na kusubiri kama profesa atanipa kazi nyingine.

Swali lako la mgongo nalijua jibu lake, na sitaki kuliandika. Mpeleke.

Kathurima

---

Othaya
14 Desemba 1997

Kathurima,

Salamu zako zimefika, kwa sababu kutosalimu kwako kulisema yote. Barua yenyewe ilifika mwisho wa Novemba. Daraja lilikuwa limechukuliwa na posta walikaa bila gari.

Nitakuambia ilivyokuwa. Niliifungua kwenye uwanja wa shule, nikasoma mistari mitatu, nikakimbia nyumbani na chaki mkononi. Nilitaka nimwambie mama kwa maneno yangu. Akasema, "Nipe. Ama soma kwa sauti. Barua ya mtoto yangu huwa tunasoma kwa sauti." Nikaisoma. Nilipofika kwenye panya nilijaribu kuruka, akajua. Miezi yote hii amekuwa akinisikiliza nikikusoma, anajua sauti yangu inaporuka.

Akauliza, "Panya zilikufa lini?"

Nikasema Mei.

"Na barua ya mkia?"

Nikasema Agosti.

Aligeukia ukutani, na mimi nikabaki nimesimama na karatasi yako.

Sindano tuliziacha Mei. Tulikuwa tumebakiza miezi mitatu. Mama ndiye aliyekataa, lakini anayemfikisha stendi ni mimi, na mimi niliacha kumfikisha. Tembe tuliendelea kuzichukua hapa karibu mpaka zikaisha. Mama alichemsha mafuta, akakwangua muthiga, na mimi nikatwanga tembe kwenye kinu cha tangawizi. Dawa mbili katika kifuko kimoja. Tulikuwa tukicheka, Kathurima. Jikoni kulikuwa na raha ambayo sijaiona tangu baba afe. Mama alikuwa hatapiki, amerudisha mwili, na mimi nilikuwa nimechoka kumshikia ndoo. Sikutaka kuuliza sana. Hilo ni langu, nitalibeba.

Lakini nimekutafutia na lako. Nimeisoma barua yako ya Pasaka mara nyingi mno. Hukuandika popote kwamba aendelee na sindano. Uliandika tu kwamba hazina macho.

Tulimshusha Nairobi kwa gari la mizigo la rafiki yake Ndungu. Ugonjwa umeingia kwenye uti wa mgongo na kwenye ini. Nilimuuliza daktari kama angalikuwa amemaliza sindano ingekuwaje. Ni kijana mdogo, mpole. Alisema kuna wanaomaliza na bado unarudi, na kuna wanaomaliza wakaona wajukuu wakioa. Akasema hawezi kuniambia mama angekuwa upande gani. Ningependa angenidanganya, upande wowote. Wametupa dawa ya maumivu na kutuambia tukae naye nyumbani.

Na sasa jambo ambalo hata mimi sikulijua. Njiani kurudi nilimuuliza mama, kwa hasira, ni kwa nini aliacha dawa ya daktari kwa ajili ya maneno ya barua. Akaniangalia kana kwamba mjinga ni mimi.

"Si Kathurima alisema hakuna mtu anakubali? Ati wanaogopa. Nikasema, mimi siogopi. Mimi ni mtu ya kwanza."

Zile kucha, Kathurima. Kile kikapu cha chai. Hazikuwa habari za nyumbani. Mwanamke yule alikuwa anakuletea majibu ya jaribio lako.

Mwandikie. Mwandikie mwenyewe, si mimi.

Karambu

---

Bradford
4 Januari 1998

Mama yangu,

Nakusalimu kwa kichwa kilichoinama. Karambu atakusomea, na safari hii asiruke chochote.

Nilipaswa kuja. Pasipoti yangu iko kwa watu wa uhamiaji tangu Oktoba, na wanasema nikiondoka kabla hawajaniongezea kibali sirudi. Nimewaambia nitaondoka vivyo hivyo. Wanasema hata pasipoti yenyewe ya kuondokea hawajaiona. Nitakuja mara tu wakiipata, na sijali kuhusu kurudi.

Mama, si kweli kwamba mafuta ya mkia ndiyo bora. Sikujua lolote kuhusu mkia. Niliandika tu, nikafunga bahasha. Na niliposema kazi inaendelea vizuri, panya walikuwa wameshakufa. Niliogopa uwaambie wanawake wa kanisa kwamba kijana wako ameshindwa. Nilijali hilo kuliko swali lako. Sijui mtoto uliyemsomesha akafanya hivyo anaitwaje.

Laiti ungeniuliza kama unaweza kuwa mtu wa kwanza. Ningekataa, ningelia, ningepiga simu mpaka kwa chifu. Lakini najua kwa nini hukuniuliza. Uliniuliza mafuta gani, na hata hilo sikulijibu.

Nimemweleza profesa. Sikumwambia kama hadithi ya kuchekesha. Aliuliza jina lako, nami nikamwandikia: Nduta.

Nisubiri, mama.

Kathurima

---

Othaya
1 Februari 1998

Ndugu yangu,

Simu ya Ndungu ilikupata, kwa hiyo unajua. Leo nakuandikia yale ambayo simu haikuweza. Sisi ni wazima. Watoto wamerudi shule, jua limetoka, na mlima unaonekana wote asubuhi, baada ya miezi mingi ya mawingu. Nimekasirika na huo mlima.

Tulimzika Nanyuki kando ya baba. Mjomba Simeon alifunga bucha wiki nzima na hataki kusikia neno mafuta. Wanawake wa kanisa waliimba vizuri. Mmoja wao aliniuliza kama dawa yako iko tayari, maana dada yake ameshikwa na ugonjwa uleule. Nilimwambia haiko tayari, na nikamwambia ampeleke dada yake Nairobi na asimwache akatishe. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akashtuka.

Barua yako ilimkuta mama akiwa hai. Nataka ulijue hilo kabla ya lingine lolote. Ilifika Jumatatu, akatutoka Alhamisi. Nilisoma yote, sikuruka. Ulipoandika jina lake kwa profesa, alilirudia kwa midomo. Kwenye mkia alitabasamu kidogo, akasema, "Nilijua. Barua ilikuwa fupi sana." Nikamuuliza, kama alijua, ni kwa nini alibadilisha mafuta? Akasema, "Ni yeye alisema. Kama mama yake haiamini yeye, nani ataamini?"

Sijui kama amekusamehe. Sikumuuliza na hakusema. Mimi bado sijakusamehe, na sijajisamehe, lakini ninakuandikia, kwa hiyo lichukue hivyo.

Jumanne aliamka na nguvu, akataka nichukue kalamu. Alisema haya, nami nayaweka kama yalivyotoka:

"Andika nilikula vizuri, kwa sababu ni kweli nilikula. Andika nywele. Andika mgongo, ilianza Septemba lakini nilificha. Halafu andika hii ingine, ya kwisha. Alificha panya kwa sababu ni panya, na alikuwa na aibu. Mimi asinifiche. Aweke kwa kazi yake vile ilikuwa. Akinificha, mama ya mwingine atachemsha mafuta."

Nilimuuliza kama kuna la kuongeza. Akafikiri, akasema nikusalimie.

Basi nimeandika. Kopo lipo juu ya kabati la jikoni, robo yake imebaki, imeganda na kuwa nyeupe. Nilitaka kulitupa nikashindwa, na mahali pa kuliweka sina. Ukija utaniambia tulifanyie nini.

Dada yako,
Karambu